Himid Alipoongeza Uenyeji

Msimu wa karafuu, baada ya sala ya alasiri, wanaume wa Mgogoni hukaa kwenye banda la Msellem, fundi baiskeli, kulinda karafuu zilizoanikwa uwanjani zisinyeshewe. Kazi yenyewe ni kutazama mbingu. Anayetazama mbingu hahitaji mikono, na mikono isiyo na kazi hutafuta karata. Wake zetu husema karafuu za Mgogoni hulowa kuliko za kijiji kingine chochote. Sisi huwajibu kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu.

Mchezo wa msimu ule aliuleta Abrahman, baharia wa Kisiwa Panza, aliyekuja kumtazama shangazi yake. Alifundishwa na mpishi wa meli, na aliuita Omaha. Sisi tulisikia Omani. Kwa kuwa hakuna nyumba hapa isiyo na jamaa Omani, mchezo ukapata heshima yake siku ile ile. Abrahman alijaribu kutueleza kwamba Omaha ni mji wa Marekani, mbali kabisa na bahari. Tulimwonea huruma. Kukaa sana melini humchanganya mtu, na nani atautaja mji usio na bahari mbele ya watu wazima.

Sheria zake si nyingi. Kila mtu hupewa karata nne, azifiche. Tano hufunuliwa jamvini mbele ya wote, nazo ni za wote. Mkono wa mtu ni karata tano: mbili azitoe katika zile nne zake, tatu azichukue jamvini. Moja ya mkononi haitoshi, na tatu zimezidi. Abrahman alilirudia hili mpaka sauti ikamkauka, kisha akarudi melini kwake. Katikati ya kufunua karata, watu huweka vitu. Mmoja akiweka, wengine huona, yaani huweka kitu cha uzito ule ule, au hutupa karata zao. Mwenye nguvu, au mwenye kutaka aonekane ana nguvu, huongeza.

Pesa hatukuweka. Pesa ni kamari, na kamari ni haramu, na sisi ni watu wa dini, hasa baada ya alasiri. Tulimuuliza Shehe kuhusu vitu visivyo na bei. Akauliza kama vitu hivyo vinauzika dukani. Tukasema haviuziki. Akasema basi yeye hana la kusema, akaondoka kwa haraka asije akasikia zaidi.

Siku ya kwanza Ngwali, mmoja wetu, aliweka mluzi wake, akashindwa, na mluzi ukahamia kwa Msellem. Msellem hajui nyimbo, kwa hiyo akawa anapiga mluzi mmoja mrefu kila anapojaza upepo. Siku ya pili mkoromo wa Mwalim ulikwenda kwa Ngwali kwa jozi ya nane. Kesho yake Bimkubwa, mkewe Mwalim, akaja bandani na kanga yake begani, akasema hakupata usingizi hata lepe.

"Nyumba imenyamaza kama kuna msiba," alisema. "Nirudishieni mkoromo wa mume wangu."

Kurudisha ilikuwa ni kutamka tu. Ngwali alisema, "Nakurudishia, Mwalim," na mkoromo ukarudi kwa mwenyewe. Bimkubwa akashukuru, akaenda zake. Uzito wa vitu ulipimwa na jamvi tulilokalia. Vikilingana, lilitulia. Visipolingana, lilikunjamana upande wa aliyeweka kidogo, naye akaongeza au akatupa. Msellem alilinunua jamvi hilo Chake Chake na hakupata kulilalamikia.

Safari alikaa mwisho wa jamvi, karibu na pipa la maji. Alizaliwa Mgogoni, katika nyumba iliyo ukingoni mwa eka tatu alizopewa baba yake baada ya Mapinduzi. Baba huyo alitoka Unyamwezi kuja kuchuma karafuu, akazichuma mpaka akafa, akazikwa hapa hapa. Safari mwenyewe hajavuka bahari hata kufika Tanga. Kipemba chake hakina doa, na sisi tulimsifu mara kwa mara kwa namna alivyokijua. Sisi kwa sisi hatusifiani Kipemba. Tulimwita mgeni wetu. Tulimwita hivyo kwa mapenzi, tulimpisha kwenye kiti kila alipoingia mahali, na hatukuona ubaya wowote, kwa sababu anayekaa kwenye kiti cha mgeni alikuwa ni yeye na si sisi.

Himid alikaa mwanzo wa jamvi. Himid ni mwenyeji. Babu zake wamelala pembeni mwa msikiti safu kwa safu, na vichochoro vya Mgogoni vina majina ya bibi zake. Alikuwa na mtoto wa kiume, Silima, na Safari alikuwa na binti, Khairiya. Watoto hao walipatana wenyewe wakati wa kuchuma, Silima juu ya mkarafuu, Khairiya chini akichambua vikonyo. Silima akamwomba baba yake apeleke posa. Himid akaja kutoa jibu bandani, mbele ya watu wote na mbele ya Safari, ili asionekane anasengenya. Alikohoa kidogo, kama anavyokohoa kila anapotaka kusema jambo la adabu.

"Ntoto mzuri," alisema. "N'nakubali. Lakini hatujuwi kwao."

Kutoka pale tulipokaa, nyumba ya Safari ilionekana, na moshi wa jikoni kwake ulikuwa ukitufikia. Safari aliuliza kama lile wingu la Micheweni linakuja huku. Jioni ile Khairiya hakula, na Mwanaasha, mama yake, hakumlazimisha.

Wiki ile ile ndipo Himid alipoongeza.

Walianza wengi. Mwalim aliweka hamu yake ya pweza, akatupa karata zake ile ya tatu ilipofunuliwa jamvini. Ngwali aliweka kivuli cha mnazi wake, akaogopa, akatoka. Msellem alitoka mapema kwa sababu alikuwa na tairi la kuziba. Mpaka karata ya tano inalala wazi, waliobaki walikuwa Himid na Safari. Jamvini palikuwa na saba ya kopa, tisa ya kopa, nne ya kopa, mzungu wa kopa, na mbili ya pau iliyokuja kwa bahati mbaya yake. Safari alishika saba nyingine mbili. Pamoja na ile ya jamvini alikuwa na saba tatu, mkono wa kumfurahisha mtu siku yoyote isiyokuwa na kopa nne jamvini. Mwenye kopa mbili mkononi angetimiza kopa tano, na kopa tano zingezifagia saba tatu.

Himid alikuwa amekaa kimya tangu karata ya kwanza. Sasa alikohoa.

"Naongeza," alisema. "Uenyeji."

Jamvi likakunjamana upande wa Safari mpaka likamfika magotini. Msellem alilisogeza kopo lake la gundi lisimwagike.

"Wote?" Mwalim aliuliza.

"Wote. Wangu na wa waliontangulia."

Himid hakuwa amerukwa na akili. Alikwishahesabu kwamba mgeni hana kitu cha kuusawazisha uenyeji, na asiye na cha kuweka hutupa, hata awe na mkono gani. Tulimwona mjanja sana. Wawili wetu tulitikisa vichwa kwa kumhusudu.

Safari alizitazama karata zake, akalitazama jamvi, akamtazama Himid. Alimfikiria Khairiya. Uenyeji ukiwa wake, Himid hatakuwa na la kukohoa, na binti ataolewa na anayempenda. Hilo lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili yalikuwa maneno ya Abrahman, aliyetuambia kabla hajaondoka kwamba mtu aliyekaa kimya muda wote kisha akakuongezea pakubwa, usishindane naye, tupa karata ukaswali. Hata hivyo kulikuwa na kidole gumba cha Himid. Kidole kilikuwa kimebana karata moja peke yake, kando ya zile tatu, namna watu wetu wanavyobana ree, karata kubwa kuliko zote, katika mchezo wa zamani. Angekuwa na kopa mbili, angebana mbili. Tena Himid alianza kucheza baada ya Abrahman kwenda zake, na hakuna siku aliyouliza sheria. Mwenyeji haulizi. Akiuliza njia watu watasema amepotea kwao. Safari aliziuliza zote, moja baada ya moja, akazirudia, kwa kuwa mgeni kuuliza si aibu.

Kwa hiyo huenda Himid alikuwa na kopa moja na ujinga mwingi. Au alikuwa na ya pili imejificha katika zile tatu, na kile kidole kilikuwa mtego.

Tungependa kusema kwamba Safari alipiga hesabu akaamua. Hesabu aliipiga kweli, na hesabu ilimwambia atupe. Alikwishaunyoosha mkono. Karata zilikuwa zimefika usawa wa goti, na sisi tulikuwa tumekwishaanza kutazama mbingu tena.

"Fikiri, mgeni wetu," Himid akasema kwa upole. "Huna haraka."

Hakulisema kwa ubaya. Hivyo ndivyo sote tulivyosema kila siku. Safari aliurudisha mkono wake kifuani pamoja na karata, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo hatukuwahi kuiona kwake, ingawa baadaye kila mmoja wetu alidai kwamba yeye aliiona zamani.

"Naona," alisema. "Naweka kwao kwa baba yangu."

Alikitaja kijiji kile kipande kwa kipande, kama alivyohadithiwa utotoni: mto unaokauka kiangazi watu wakachimba maji mchangani, mninga mbele ya nyumba, bibi anayetwanga mtama huku akiimba, na wimbo wenyewe, ambao Safari aliujua sauti bila kuyajua maneno yake yote. Hakuwahi kufika huko. Ila ndiko kulikokuwa kwao, na hakuwa na kwao kwingine. Akishindwa hatakuwa wa huku wala wa huko, na Khairiya atakuwa binti wa mtu wa pasipo mahali. Alilijua hilo, na sisi tuliona huruma kiasi cha watu wanaotaka kujua mwisho wa jambo.

Jamvi likashuka. Lilinyooka, likatulia, kisha likakunjamana kidogo upande wa Himid. Himid alilikandamiza kwa goti kabla mtu hajaona. Tuliona.

"Kopa tano," akasema, akaiweka ree ya kopa juu ya zile nne za jamvini. Karata zake nyingine akazimwaga: ree ya shupaza, tano ya pau, sita ya uru.

Msellem aliacha tairi lake, akaja kutazama.

"Hiyo moja," alisema. "Ya pili?"

"Ya pili ya nini?"

"Mbili za nkononi, yakhe. Tatu za jamvini."

Himid akazitazama nyuso zetu moja moja. "Tangu lini?"

"Tangu Omani," Ngwali akajibu.

Basi akahesabiwa ree zake mbili, na jozi ya ree haiwezi kitu mbele ya saba tatu. Uenyeji ulihama bila kelele. Kuku wa Msellem, ambao siku zote humpisha Himid, hawakumpisha. Mvua ikaanza, tukakimbilia karafuu, na ni kweli kwamba zililowa.

Himid alipotea njia akirudi nyumbani. Alifuata kichochoro chenye jina la bibi yake, kikamtoa bondeni penye mpunga, akarudi akiwa na tope mpaka magotini. Alipofika mlangoni kwake alisema hodi, akasubiri. Bi Tatu, mkewe, alimkaribisha vizuri, akamtandikia mkeka mpya, akampa kipande cha samaki cha katikati na kumuuliza habari za atokako. Sisi nasi tulimkirimu. Tulimpisha kwenye kiti, na tulimsifu Kipemba chake, tukamwambia kwamba mtu angedhani amezaliwa hapa. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu Bi Tatu akampa jembe, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyofanyiwa, naye akaenda kulima shamba lake mwenyewe akiuliza mipaka.

Kwa Safari mambo yalinyooka. Vichochoro vilimfikisha. Bi Moza, bibi mkubwa kuliko wote kijijini, alikumbuka jinsi bibi mzaa babu yake Safari alivyoazima kinu kwao na kukirudisha kimepasuka, na akataka fidia. Pembeni mwa msikiti lilionekana kaburi la zamani lenye ukoo wa Safari, limeota majani, na mtu akalifyeka. Sisi ndio tuliotangulia kumwamkia. Tulipokutana naye asubuhi tulimwambia subalkheri kabla hajaifungua midomo, na hakuna aliyetuagiza. Kile kijiji cha baba yake alikuwa nacho bado, maana alishinda. Ila kila alipoukumbuka ule mto, alianza kuona mikoko kwenye kingo zake.

Khairiya alirudi kula. Mwanaasha alinunua tungule na nazi zaidi ya kawaida, akapaka nyumba chokaa.

Ijumaa Himid akaja na posa. Hakuwa na kizuizi tena. Alikuja na Msellem, ambaye ndiye mshenga, na Silima akabaki nje na baiskeli yake, kama inavyompasa kijana. Walisema hodi, wakavua viatu, wakakaa. Kahawa ikaja, haluwa ikaja. Khairiya alikuwa nyuma ya pazia na mama yake, na pazia lilikuwa likienda na kurudi kwa pumzi zake.

Msellem aliyasema ya kusemwa, kwa ufasaha, akakosea jina la mtume mmoja tu. Akamaliza kwa kusema kwamba Himid anaomba nyumba hii impe mwanawe binti yao.

Safari alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake tangu alfajiri. Yalikuwa machache: tumepokea, tumeridhika, Mungu awape kheri. Alifungua kinywa. Akakohoa kidogo. Hakuwahi kuwa na kikohozi kile.

"Kijana mzuri," alisema. "N'nakubali. Lakini hatujuwi kwao."

Pazia likasimama. Msellem akanywa kahawa yake. Himid aliinamisha kichwa, akaitikia polepole, kama mtu anayeonyeshwa panga lake alilomwazima jirani. Maneno yale yalikuwa yake, na kabla yake yalikuwa ya baba yake, na kikohozi kilikuwa kile kile.

"Kweli," alisema. "Hamjuwi."

"Baba Khairiya," Mwanaasha akasema kutoka nyuma ya pazia. "Urudishe."

Safari alijua kwamba ni kutamka tu. Aligeuza jambo hili kichwani kama alivyozigeuza zile karata. Akiurudisha uenyeji, Himid atakuwa mwenyeji hapo hapo alipokaa, kikombe mkononi, atakohoa, atasema kwamba binti huyu hawajui kwao, na atachukua posa yake aondoke. Akiubakisha, jibu ni hili alilokwisha kulitoa. Alitafuta mkono wa tatu, hakuupata. Alitutafuta sisi pia, maana tulikuwa tumejaa dirishani, na alitutazama muda mrefu. Tungeweza kusema neno. Tulikuwa na uenyeji wa kutosha, kila mmoja na wake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuujaribu kwa kazi kama ile. Tulitazama mbingu.

"Kesho," Safari alimwambia mkewe. "Inshallah."

Asubuhi ya pili yake alitoka, tukamwahi kwa subalkheri, naye akaitikia vizuri sana. Hakurudisha kesho ile wala kesho yake. Machozi yalimtoka siku moja akiwa shambani peke yake, tukajua, kwa sababu wenyeji hujuliana mambo.

Lakini Ijumaa ile, wageni walipokwisha kutoka, Khairiya alikwenda dirishani, sisi tukampisha. Silima alikuwa bado amesimama nje na baiskeli yake.

"Baba kasemaje?" aliuliza.

"Kasema hatujuwi kwenu."

Silima akageuka, akaonyesha kwa kidole. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa karafuu. Paa lilionekana, na mlango, na shati lake la bluu likiwa limeanikwa kambani.

"Kwetu si pale?"

Khairiya alipatazama. Alilijua shati lile, kifungo chake cha juu alikishona yeye.

"Napaona," alisema. "Lakini hatupajuwi."

Kisha Khairiya akajifuta uso kwa mtandio na kumuuliza kama amekula. Mgeni huulizwa hivyo.